Vyuma vya Tumboni mwa Boti

Nilikubali kuitengeneza ile boti nikiwa nimefungiwa geti. Hilo ndilo ambalo ningelikataa kama ningepewa siku moja ya kurudia. Mengine niliyoyafanya kabla yake yanaweza kuitwa ujinga, au woga, au mzaha uliopitiliza. Hili la geti lilikuwa wazi tangu mwanzo, na nililikubali nikiwa na akili zangu timamu.

Mwenye boti alikuja mwenyewe kutoka Ruangwa hadi karakanani kwangu Nachingwea, saa ya chai ya asubuhi. Nilimpa kiti akakataa. Alitazama kwanza nyuma ya mbao nilizoziegemeza ukutani kama kuna mtu, kisha akasema kwa sauti ndogo:

"Fundi, vile vyuma virudi. Na vitanda virudi katikati. Uifanye kazi peke yako, na geti litakuwa limefungwa."

"Watu wakiuliza?"

"Watauliza nini kwa kitu wasichokiona?"

Nikasema hakuna shida. Wakati natamka hayo, kulikuwa na mtu mmoja Ruangwa aliyekuwa akinisubiri niseme maneno mengine kabisa.

Mimi ni seremala. Nimetengeneza milango, vitanda, makabati, na jeneza la msikiti wetu ni kazi ya mikono yangu. Bahari naijua kwa kwenda Lindi mara chache kufuata bawaba na rangi. Huyu mwenye boti alikuwa mnunuzi wa ufuta, mtu wa kuja, mwenye ghala lake pale Ruangwa. Watu wa madini walipoanza kufurika na nyumba za wageni kujaa, akapata wazo kwamba wageni hao wangependa mwisho wa wiki kupelekwa Lindi wakalale baharini. Akanunua boti ya tanga iliyotumika, nyeupe, ya mtu aliyekuwa anarudi kwao Ulaya. Si boti ya kuvulia. Ilikuwa ya kutembelea, yenye jiko na vyumba vya kulala ndani.

Badala ya kuwapa mafundi wa Lindi, aliipakia kwenye lori akaileta Ruangwa. Alisema mafundi wa pwani wangemwibia nyaya na vyuma na kumwekea mbao mbovu. Hakumwamini mtu, na mimi alinichagua kwa sababu hiyohiyo: nilikuwa sijui boti, kwa hiyo nisingejua cha kuiba. Alinieleza hivyo bila aibu.

Boti ikasimama uani mwa ghala, imeegemezwa kwa magogo pande zote, tumbo juu ya vumbi la ufuta. Watu walikuja kuitazama. Bibi mmoja aliuliza kama serikali imesema lini inaleta bahari.

Kuvuka barabara, mbele ya geti la ghala, palikuwa na mgahawa wa mtani wangu. Mimi Mmwera, yeye Mmakua, na utani wetu tuliurithi kwa babu zetu, ambao inasemekana walitukanana hadi siku ya kuzikana. Tulikuwa rika moja. Siku ya kwanza aliniletea chai, akasimama chini ya boti akiipapasa.

"Wewe Mmwera, tangu lini unajua maji? Hata kuoga unasubiri masika."

"Nyamaza. Pilau lako mbwa wa sokoni analipita anasalimia tu."

"Analisalimia kwa heshima. Wewe hata salamu hupewi."

Tukacheka. Alikuwa na furaha, kwa sababu mwenye boti alikuwa amemwahidi kazi ya upishi humo ndani. Mgahawa ungebaki kwa mkewe na yeye angepikia wageni. Alinunua aproni mpya, akawa anaivaa hata pale pasipo na haja.

Ndani ya boti, kwenye bomba la plastiki, nilikuta mchoro umekunjwa. Ulionyesha boti kama imekatwa katikati kwa msumeno. Vitanda vilikuwa katikati, chini. Jiko lilikuwa nyuma, karibu na ngazi ya kutokea, hewa inapopita. Chini ya sakafu, juu ya ule uti mrefu ambao mabaharia huuita mkuku, mtu alikuwa amepaka penseli nyeusi mahali palipopangwa vipande vya chuma. Niliinua sakafu nikavikuta, vizito, vimebanwa vizuri.

Mwenye boti alipoviona alikasirika. "Ameniachia vyuma chakavu nimbebee mzigo! Vitoe. Hapo nataka matangi ya maji."

Nilisoma hadi kidato cha nne. Mwalimu wetu wa fizikia aliwahi kusimamisha mezani chupa mbili, moja ina mchanga chini na nyingine tupu, akazisukuma kwa kidole. Nilijua kitu kisicho na uzito chini huwaje. Nilimwambia mara moja tu kwamba pengine vyuma vina kazi yake.

"Fundi, wewe umesomea boti wapi?"

Nilivitoa nikavirundika nyuma ya ghala chini ya turubai. Mchoro niliuchukua nyumbani nikauficha kwenye sanduku la vifaa. Nilimshuku kwamba likitokea jambo atanigeuka, nikataka niwe na cha kumwonyesha.

Lakini si vyuma tu. Kosa la vitanda lilitoka kichwani mwangu. Kwetu mgeni hulazwa chumba cha mbele, karibu na baraza, asipite katikati ya mambo ya watu wa ndani. Mwenye boti aliponiuliza wageni walale wapi, nilimjibu upesi kama najibu swali la nyumba: mbele. Akapenda. Nikavipeleka vitanda mbele kabisa, pale boti inapochongoka. Jiko nikaliweka nyuma ya ukuta wao, ili chai ifike ya moto. Madirisha madogo ya duara niliyafunika kwa makabati ya mninga, maana alitaka wageni wawe na faragha. Juu nikainua paa kwa mbao nzito, mtu mrefu aweze kusimama. Nilipomaliza nilikaa humo ndani peke yangu nikajisifu. Kilikuwa chumba kizuri kuliko changu. Ila hakikuwahi kutikisika hata kidogo, kwa sababu kilikuwa juu ya magogo, Ruangwa.

Boti ilirudishwa Lindi kwa lori. Nahodha aliyeajiriwa, mzaliwa wa hukohuko, aliitazama ilipoingia majini akakunja uso.

"Mbona inaelea juu namna hii?"

Mimi nilikuwa nimesimama karibu.

Safari ya kwanza mwenye boti alialika wanunuzi wenzake na watu wa madini, akanitaka na mimi nije kama kuna bawaba ya kukaza. Ilikuwa Alhamisi, nami nilikuwa nafunga zile siku sita za Shawali. Mtani wangu alinipakulia sahani ya kwanza, akanifuata nayo.

"Kula, Mmwera, upate cha kutapika."

"Nimefunga."

"Umefunga au unaogopa?"

"Vyote viwili."

Alicheka, akampa nahodha ile sahani. Nayasema haya kwa sababu ndiyo kiini cha yote. Mtu pekee ambaye hakutia kitu mdomoni siku ile nilikuwa mimi, na mtu pekee mle botini aliyejua hivyo alikuwa mpishi.

Tulipotoka kwenye ghuba boti ikaanza kuinama upande mmoja taratibu, inakaa huko kama imesahau, kisha inarudi na kwenda upande wa pili. Wageni waliokula wakajilaza chumba cha mbele. Nikashuka kuangalia mlango wa kabati uliokuwa ukijifungua wenyewe, mlango niliousawazisha kwa pima maji nikauona hauna dosari. Mle ndani palikuwa pamefungwa, pananuka vitunguu na mafuta ya moto. Macho yaliona kuta zangu za mninga zimetulia, lakini mwili ulipanda na kuporomoka. Mgeni mmoja alianza. Kisha wa pili. Kisha hata waliokuwa wakiwacheka.

Na mimi. Nilitapika maji ya njano, machungu, hayana punje ya chakula. Mtani wangu alikuja akanishika kichwa.

"Toa, mtani, toa. Hukujitapisha mwenyewe, saumu yako haijafunguka."

Aliniongoza nikatoka nje, nikakaa nyuma kwa nahodha, nikaangalia mstari wa mbali ambapo maji hukutana na mbingu. Tumbo likatulia. Hapo nyuma walikaa wageni wawili waliokula kuliko wote, na mmoja alikuwa anauliza kama pilau limebaki.

"Nani kawalaza watu omo?" nahodha akaniuliza. Omo ni mbele ya boti. "Huko ndiko inakopigwa. Katikati na chini ndiko inakotulia."

"Kwa hiyo ni boti inayowatapisha?"

"Wapo watu bahari inawalevya hata kwenye boti iliyoundwa vizuri. Hao huwezi kuwasaidia. Lakini hii imepungukiwa uzito chini. Ikilala inachelewa kuinuka, na tumbo la mtu halipendi kusubiri. Halafu mkawafungia madirisha na kuwapikia puani." Akanitazama. "Fundi ni wewe?"

Nikasema ndiyo.

Siku mbili baadaye mwenye boti alituita ghalani Ruangwa. Walikuwepo wapagazi wa magunia, majirani, na wawili wa wale wageni, waliokuja wamenuna. Maneno yalikuwa yameshaanza kutembea mjini, na yeye alitaka yawe na mwenyewe, mtu wa kubebeshwa lawama. Akaniuliza mbele ya wote:

"Fundi, boti yangu ina kasoro?"

Nilimwona mtani wangu amesimama mlangoni na aproni yake. Badala ya kujibu nikakimbilia mahali nilipopazoea.

"Boti haina kasoro. Muulizeni huyu Mmakua alichotia kwenye pilau!"

Watu wakaangua kicheko. Naye hakukosa: "Nilitia soksi ya Mmwera, ndiyo maana mlisikia harufu!"

Wapagazi walipiga makofi kwenye magunia. Mwenye boti hakucheka. Alisubiri kicheko kiishe, kisha akasema polepole, "Kwa hiyo fundi unasema ni chakula."

Alikuwa ameishi Ruangwa miaka ya kutosha. Alijua utani kama tunavyoujua sisi. Aliamua tu, kwa dakika ile, kutoujua. Na mimi niliona kabisa anachofanya. Nilitakiwa kusema: huyu ni mtani wangu, nilikuwa natania, mimi mwenyewe sikula na nilitapika. Maneno hayo hata pumzi moja hayamalizi. Nilisema, "Mimi ninachojua, kazi yangu nimeifanya vizuri."

Mtani wangu aliendelea kutabasamu kidogo, kama mtu anayengoja sehemu ya pili ya mzaha. Sehemu ya pili haikuja. Aliambiwa avue aproni, kazi yake botini imekwisha.

Siku iliyofuata alinifuata Nachingwea. Hakunitukana alipoingia, na hapo nikaanza kuogopa.

"Mtani," alisema, "jana watu watatu wamepita mgahawani, wakaangalia sufuria, wakaondoka. Mke wangu ameona. Wewe siku ile ulikuwa umefunga."

"Nilikuwa nimefunga."

"Na ulitapika."

"Nilitapika."

"Basi njoo useme hivyo tu. Sikuombi uiseme vibaya boti yako. Sema ulikuwa umefunga, watu wana akili, watamalizia wenyewe."

Nilimwahidi Ijumaa, baada ya swala, pale Ruangwa. Nilimwahidi kwa mkono. Mke wangu alikuwa anapepeta mchele mlangoni, akasikia kila kitu. Mtani alipoondoka, mke wangu akaniambia, "Daku uliila na mimi. Usipokwenda, nitakwenda mimi." Nikamwambia nitakwenda.

Mwenye boti alitangulia. Alikuja Jumatano, kama nilivyoeleza mwanzo, akaangalia nyuma ya mbao. Hakuwa mjinga, nahodha alikuwa ameshamwambia. Alijua ni boti, alijua ni sisi wawili, na alikuwa na njia ya kutuokoa wote wawili kwa kumwacha wa tatu pale alipo. Ningeweza kumwambia: msafishe kwanza mpishi, ndipo nishike nyundo. Asingekuwa na la kufanya, maana mchoro ninao mimi. Nikasema hakuna shida.

Boti ililetwa tena uani. Mke wangu aliponiona naondoka Ijumaa kwenda Ruangwa aliamini nakwenda kutimiza ahadi. Ijumaa ile badala ya kusimama msikitini Ruangwa na kusema nilichoahidi, niliswali safu ya mwisho na kutoka kabla ya wengine, nikaingia geti dogo. Nilirudisha vyuma kimoja kimoja. Chuma kikigusa chuma hulia, hakuna namna ya kukizuia, hata nilipotandika magunia. Kwenye upenyo wa geti niliuona mgahawa ng'ambo ya barabara. Mtani wangu alikuwa amekaa peke yake kati ya meza tupu, uso ameugeuzia getini, anasikiliza. Hakuleta chai. Nilivipanga vyuma vyote kama mchoro unavyosema, nikarudisha vitanda katikati, nikahamishia jiko karibu na ngazi, nikafungua madirisha. Ilikuwa kazi nzuri kuliko ya kwanza.

Boti ikarudi Lindi na mpishi mpya. Safari ya pili hakutapika mtu, isipokuwa mgeni mmoja ambaye ilisemekana hutapika hata kwenye gari. Hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, kwa sababu watu wa Ruangwa waliona vitu viwili tu: mpishi amebadilishwa, na kutapika kumekoma. Kitu cha tatu kilikuwa ndani ya geti. Yale ya kwanza yalikuwa maneno tu. Sasa yakawa na ushahidi. Vijana walitumiana sauti kwenye simu wakimwita mzee wa sumu. Mgahawa ulidumu kidogo, ukafungwa. Mtani wangu na mkewe wakarudi kijijini kwao Chiola kulima ufuta.

Ilinichukua mavuno mawili kwenda Chiola. Nilibeba mchoro. Njiani nilipanga matusi ya kufungulia mazungumzo, ya zamani, yaliyokuwa yakimchekesha. Aliponiona alisimama, akakung'uta mkeka, akaniletea maji.

"Shikamoo, mzee," akasema.

Tumezaliwa mwaka mmoja. Hakuna siku aliyowahi kuniamkia.

"Wewe Mmakua," nikaanza, "umekonda kama—"

"Karibu sana. Nyumbani hawajambo?"

Nikafungua mchoro nikamweleza yote, vyuma, vitanda, penseli nyeusi, na kwamba siku ya geti nilimwona. Alisikiliza kwa adabu. Alifuata mistari kwa kidole.

"Mchoro mzuri," alisema. "Uwapelekee Ruangwa."

Nilikwenda. Nilisimama kwa wauza chai karibu na ghala, nikasema mbele za watu kwamba mpishi hakuwa na kosa, mimi nilikuwa nimefunga na nilitapika, na boti ndiyo iliyokuwa mbovu kwa mkono wangu. Wakacheka hadi wakamwaga chai.

"Nyie watani bwana! Mlianza kutukanana, sasa mnatakasana."

Mzaha wangu waliuamini, na ukweli wangu wakauona mzaha. Sikuwalaumu. Mimi ndiye niliyewafundisha kunisikiliza hivyo.

Mke wangu alikuwa shabiki wa utani ule kuliko sisi wenyewe. Alikuwa akisema, "Siku nikifa mimi, yule Mmakua atalala barabarani kuzuia jeneza, na hataamka mpaka mmpe jogoo, na mtamtafuta jogoo hapa kwetu Naipingo yote mimi nimelala juu ya mabega yenu nacheka." Alisema hivyo mara nyingi, kisha baada ya mambo ya boti hakusema tena. Wala hakunisuta. Aliacha tu kunipikia daku ya sunna. Nikitaka kufunga nilijipikia mwenyewe.

Alifariki kiangazi kilichopita. Nilituma taarifa Chiola. Mtani wangu alikuja, amevaa kanzu safi, akanipa mkono wa pole kwa mikono yote miwili, akaenda kukaa na wageni wa mbali. Jirani yangu aliyejua desturi alimnong'oneza, "Mtani, mbona umetulia? Kazi yako hii." Nikasikia akijibu, "Mimi na mzee tunaheshimiana tu."

Tulilibeba jeneza nililolitengeneza mwenyewe. Njia nzima nilikuwa natazama mbele, kwenye vumbi, nikitafuta mtu aliyelala katikati ya barabara. Nyumbani nilikuwa nimemfunga jogoo miguu, yupo tayari. Hakuna aliyetuzuia. Tulifika makaburini mapema kuliko tulivyopanga, ikabidi tusubiri kaburi likamilike.

Boti bado inatembea, nasikia, na wanaoipanda wanaisifu kwa utulivu. Kazi ile ilinigharimu mtani wangu, na ikamnyima mke wangu mazishi aliyoyataka.